Msumeno wa Watu Wawili: Wa Kuangushia, wa Magogo, au wa Mtu Mmoja Wenye Mpini wa Ziada?

Laza misumeno mitatu ya zamani ya kukatia miti juu ya meza, na mtu asiyeizoea ataona kitu kimoja mara tatu: bapa refu la feleji, meno upande mmoja, mahali pa mpini huku na huku. Tofauti huonekana kazini. Msumeno ulioingizwa kwenye kazi isiyo yake hujikunja ukisukumwa, hubanwa ndani ya gogo, au huwachosha wawili wenye nguvu kabla hawajafika nusu ya mti.

Ninamwandikia yule ambaye ameshaamua kwamba anataka msumeno wa mkono, ila amekwama kwenye kuchagua. Huenda anafanya kazi mahali ambapo injini zimekatazwa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1964 ya kulinda mapori ya asili inazuia mashine za injini ndani ya mapori yaliyotengwa, na mpaka leo wanaosafisha njia za miguu humo hukata miti iliyoanguka kwa misumeno hii hii. Huenda yuko mbali na mafuta. Au anapenda kazi isiyo na kelele, ambapo mtu anausikia mti unapoanza kulia kabla ya kuanguka.

Nauweka msimamo wangu wazi mapema. Urefu wa msumeno na sura ya meno ndivyo vinavyovutia jicho la mnunuzi, lakini yanayoamua ni maswali mawili: mti unaoukata umesimama au umelala? Na nani atakayeunoa msumeno huo ukishakuwa butu?

Neno moja kabla hatujaanza. Msumeno wa kupasulia mbao, ule ambao mtu mmoja anasimama juu ya gogo na mwenzake anavuta kutoka chini, haumo katika ulinganisho huu. Ule hufuata nyuzi za mti kwa urefu wake, na meno yake yamechongwa kwa kazi hiyo. Hii ninayoizungumzia hukata nyuzi kwa kuzikatiza, na meno yake yamenolewa pembeni ili yachane. Ukijaribu kukatiza gogo kwa msumeno wa kupasulia, utang'oa nyuzi badala ya kuzikata.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni mkao wa kazi. Mti uliosimama hukatwa msumeno ukiwa umelazwa ubavu, na uzito wake wote uko mikononi mwenu. Gogo lililolala hukatwa msumeno ukiwa umesimama, na uzito huo huo unageuka kuwa msaada, kwa sababu unausukuma chini kuingia kwenye mti. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata itajieleza yenyewe.

Cha pili ni unene wa miti yako. Chukua kipenyo cha gogo kubwa unalotarajia kukutana nalo mara kwa mara, kisha ongeza kama sentimita 60 hadi 90 za kuvutia. Gogo la sentimita 70 linataka msumeno wa kati ya mita 1.3 na 1.6. Misumeno mingi ya watu wawili ina kati ya mita 1.5 na 2.1. Ile mirefu sana, inayopita mita 3, ilitengenezwa kwa ajili ya miti mikubwa ya pwani ya magharibi ya Marekani, na mtu asiye na miti ya namna hiyo hana sababu ya kuitafuta. Msumeno mrefu kupita kiasi ni mzigo njiani, na ndani ya gogo dogo huyumba tu.

Cha tatu ni watu: mko wawili kila siku, au kuna siku utakuwa peke yako? Cha nne ni mti wenyewe, kama ni mbichi au mkavu, laini au mgumu, wenye utomvu mwingi au la. Hicho kinahusu meno, nami nimeyatengea sehemu yake. Cha tano ni kunoa. Cha sita ni kubeba, ambacho watu hukisahau mpaka siku ya kupanda mlima na mita mbili za meno begani.

Msumeno wa kuangushia

*Umbo.* Mgongo wake umebonyea kuelekea kwenye meno, kwa hiyo bapa ni jembamba katikati kuliko kwenye ncha zake. Ni mwepesi na hunyumbulika. Waliobuni umbo hili walikuwa na sababu tatu, na zote zinatokana na mti uliosimama. Wepesi ni kwa sababu mikono ndiyo inayoubeba tangu mvuto wa kwanza hadi wa mwisho. Kunyumbulika ni kwa sababu mkono wa mtu hauendi mstari mnyoofu; huchora upinde kidogo, na bapa laini linaufuata. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi, ni kabari. Mti unaokatwa kwa nyuma, yaani upande ulio kinyume na utakakoangukia, unaweza kukaa juu ya msumeno na kuubana wakati wowote. Bapa likiwa jembamba, nafasi ya kupiga kabari nyuma yake inapatikana mapema, mti ungali haujaegemea.

*Unavyokata.* Ukilazwa ubavu, unakata haraka na bila kuwachosha. Ukiusimamisha juu ya gogo nene, uzuri huo unapungua: hauna uzito wa kujisukuma chini, na hutikisika ukiwa mikononi mwa watu wasiozoeana. Ukiwa peke yako ni shida zaidi, kwa maana kila unapourudisha unajikunja.

*Mipini.* Mingi ya aina hii ina mipini inayotoka upesi. Si urembo. Kabari zikishapigwa nyuma ya bapa, msumeno hauwezi tena kurudi ulikotokea, kwa hiyo mmoja anafungua mpini wake na mwenzake anauvuta wote kupitia upande wake. Ukiukagua msumeno wa kuangushia, jaribu kufungua mpini kwa mkono mtupu. Kama kokwa (nati) inayoufunga imeshikwa na kutu hata inahitaji spana, irekebishwe kabla ya msumeno huo kusogezwa karibu na mti wowote.

*Kubeba.* Hapa unaongoza. Ni mwepesi, na unaweza kupindwa taratibu ili upite penye njia nyembamba. Ila usiuhifadhi ukiwa umepindwa, ukifika, uunyooshe.

*Unamfaa nani.* Wawili wanaofanya kazi pamoja kila mara na ambao kazi yao kubwa ni miti iliyosimama. Unawafaa pia wanaotembea mbali na kukutana na magogo ya wastani tu, mradi wawe wawili na wawe na subira.

Msumeno wa magogo

*Umbo.* Mgongo umenyooka, bapa ni pana na nene zaidi, na msumeno mzima ni mzito na mkakamavu. Ukiushika kwa ncha moja na kuutikisa, utasikia kabisa tofauti: ule wa kuangushia hucheza wote, huu husogea kama ubao.

*Unavyokata.* Uzito wake unafanya sehemu ya kazi. Wavutaji hawahitaji kukandamiza. Wanavuta tu kwa zamu na kuuacha ushuke wenyewe. Ukakamavu wake una faida nyingine ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwama: mtu mmoja anaweza kuutumia bila kujikunja.

Hili nataka nilikalie, kwa sababu ndilo linalotenganisha misumeno hii miwili zaidi ya uzito. Fikiria mti ulioanguka juu ya kijito, ncha zake zikiwa zimeegemea kingo mbili na katikati pananing'inia. Nyuzi za juu zimebanana, za chini zimevutika. Ukianza kukata kutoka juu, njia ya msumeno inajifunga taratibu. Kwanza utahisi mvuto umekuwa mzito, kisha msumeno unasimama kabisa na hautoki. Dawa ya kawaida ni kabari, inayopigwa juu mara tu mgongo wa msumeno unapozama. Hapo bapa pana ni kasoro ya kweli, maana mnasubiri muda mrefu zaidi kabla ya mgongo kuzama, na gogo linaweza kubana kabla ya hapo. Mwenye msumeno mwembamba angekuwa ameshapiga kabari yake.

Lakini kuna magogo ambayo kabari peke yake haiyamalizi, na njia iliyobaki ni kumalizia kutoka chini. Shoka linapigwa ubavuni mwa gogo likashika, mpini wake unakuwa egemeo, na msumeno unageuzwa meno juu na kuteleza juu ya mpini huo. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja, amesimama upande ulio salama, kwa sababu gogo likiachia huanguka au huruka ghafla. Bapa kakamavu linaifanya kazi hiyo vizuri. Bapa laini linayumba, linatoka kwenye mstari, na linamchosha mkataji mahali ambapo hapaswi kuchoka.

*Mipini.* Misumeno mingi ya aina hii ina matundu mawili kila ncha, ili mpini uhamishwe juu au chini kulingana na kimo cha gogo na cha mkataji. Ni jambo dogo linaloupumzisha mgongo sana.

*Kubeba.* Hapa ndipo unapodai malipo. Ni mzito, haupindiki, na kwenye njia yenye matawi ya chini unashika kila kitu.

*Unamfaa nani.* Anayesafisha njia, anayekata kuni kutoka kwenye magogo manene, na yeyote ambaye miti yake mingi tayari imelala. Unamfaa pia ambaye hana uhakika wa kuwa na mwenzake kila siku, lakini magogo yake ni makubwa kuliko msumeno wa mtu mmoja.

Msumeno wa mtu mmoja wenye mpini wa ziada

*Umbo.* Ni mfupi, kwa kawaida kati ya sentimita 90 na 140. Upande mmoja una mpini uliofungika kama wa msumeno wa seremala, ila mkubwa zaidi, na bapa linapungua upana kuelekea ncha. Kuna tundu la mpini mdogo wa kusimama, unaoweza kufungwa karibu na mpini mkubwa ili ushike kwa mikono miwili, au kuhamishiwa kwenye ncha ili mwenzako avute.

*Unavyokata.* Bapa ni nene kiasi cha kutojikunja, kwa hiyo mtu mmoja anakata kwenda na kurudi. Kwa magogo ya chini ya sentimita 50 hivi ni chombo cha haraka, na unaingia mahali ambapo watu wawili hawana pa kusimama. Kwa watu wawili unafanya kazi, lakini si kwa usawa: wa mpini mkubwa ndiye anayeongoza, wa mpini mdogo kazi yake ni kuvuta na kuachia.

*Kubeba.* Mtu mmoja, mkono mmoja. Hakuna la kuongeza.

*Unamfaa nani.* Anayefanya kazi peke yake mara nyingi, mwenye miti ya wastani, au kikosi kinachotaka msumeno wa pili wa matawi na magogo madogo ili ule mkubwa upumzike.

Sasa meno

Kuna mitindo mingi, nami nitashika mitatu inayokutana na mnunuzi zaidi.

*Meno sare* ni yale ya pembetatu yanayofanana tangu mwanzo hadi mwisho. Yote yanakata, hakuna linalokwangua. Ndiyo ya zamani kuliko yote, na ndiyo yanayowekwa kwenye misumeno mingi ya siku hizi kwa sababu ni rahisi kuyatengeneza. Yanafaa kwa mti mkavu, mgumu na usio mnene sana. Katika mti mbichi wenye unyevu hayana pa kuweka unga, yanajaa na kuteleza. Heshima yake iko kwenye tupa: mtu mwenye mkono uliotulia anaweza kujifunza kuyanoa bila vipimo maalumu.

*Meno ya Champion* yamepangwa kwa vikundi: meno mawili ya kukata, moja limepindwa kulia na jingine kushoto, kisha jino la kukwangua lenye bonde kila upande. Meno yake ya kukata ni mapana na yenye nguvu, hivyo yanastahimili mti mgumu na hata mti ulioganda kwa baridi.

*Meno ya mkuki* yana manne membamba ya kukata, kisha la kukwangua. Yalikusudiwa miti laini na mibichi, kama misonobari, na humo hakuna yanayoyafikia. Kwenye mti mgumu mkavu ncha zake nyembamba huchakaa upesi. Kuna aina yake yenye matundu, ambapo meno yameunganishwa kwa vidaraja vya chuma na hivyo hayatetemeki; hiyo inavumilia miti ya aina nyingi zaidi, kuanzia laini hadi migumu kiasi.

Ukitaka kuelewa kwa nini meno ya kukwangua yana thamani, inama uangalie kinachotoka kwenye gogo. Meno ya kukata yanachana mistari miwili, mmoja kila upande wa njia. Jino la kukwangua linafuata, linainua kile kilichobaki katikati na kukivingirisha ndani ya bonde lake mpaka kitoke nje. Msumeno ulionolewa vizuri, katika mti mbichi, hautoi unga. Unatoa maranda marefu membamba yanayorundikana pande zote mbili za gogo. Okota moja ulishike mbele ya mwanga. Kingo zake zikiwa safi, kila jino linafanya kazi yake. Zikiwa na vinyuzi kama manyoya, jino la kukwangua limezidi urefu na linang'oa mti ambao haujachanwa. Na ukiona unga mtupu, meno ya kukwangua ni mafupi mno au ya kukata yamekwisha makali.

Tofauti ya urefu inayozungumziwa hapo ni ndogo sana. Jino la kukwangua huwa chini ya lile la kukata kwa takribani milimita 0.2 kwenye msumeno wa mti mgumu mkavu, na hadi karibu milimita 0.8 kwenye ule wa mti laini mbichi. Ndiyo maana msumeno mmoja ule ule unaweza kuwa mzuri msitu huu na mzito msitu ule, bila kitu chochote kuharibika.

Unene wa bapa, na swali la mpya au wa zamani

Mabapa ya bei ya chini yana unene mmoja tangu meno hadi mgongo. Ili yasibanwe, meno yake lazima yapindwe sana kulia na kushoto, hivyo njia inakuwa pana na mnakata mti mwingi kuliko mnavyohitaji. Mabapa bora yamesagwa yakawa membamba kuelekea mgongoni. Bora kabisa ni yale yaliyosagwa kwa kufuata upinde wa meno, yakawa na unene ule ule kwenye mstari wote wa meno na kupungua juu. Hayo yanahitaji mpindo mdogo tu, na yanateleza ndani ya gogo.

Kwa nini basi watu wanaojua kazi hii hutafuta misumeno ya zamani? Sababu ni historia. Ulaya ilianza kutumia kwa wingi msumeno wa watu wawili katika karne ya 15, lakini katika misitu ya Marekani miti iliendelea kuangushwa kwa shoka mpaka miaka ya 1880 hivi. Kuanzia hapo, viwanda kama Disston cha Philadelphia, Simonds cha Fitchburg na Atkins cha Indianapolis vilishindana kusaga mabapa na kubuni meno, kwa sababu wanunuzi wao walikata miti kutwa na tofauti ndogo ilikuwa mshahara. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia msumeno wa mnyororo ukachukua misitu, na ushindani huo ukafa. Wapo wanaotengeneza misumeno mizuri hata leo, lakini mingi inayouzwa mipya ina bapa lisilosagwa na meno sare.

Msumeno wa zamani una hatari zake. Mshike mwuzaji na maswali haya, au jikague mwenyewe. Tazama kwa jicho moja kando ya meno: kuna mkunjo? Mpindo mpole unanyooshwa na fundi kwa nyundo, mkunjo mkali ni kazi kubwa. Angalia ndani ya mabonde, ndimo nyufa huanzia. Kutu ya juu si neno, lakini mashimo ya kutu kwenye ncha za meno yanamaanisha makali hayatakaa. Linganisha urefu wa meno ya katikati na yale ya karibu na mpini, ambayo hufanya kazi kidogo. Tofauti kubwa inakuonyesha kiasi cha feleji kilichokwisha kuliwa na tupa. Na kutu usiitoe kwa mashine ya kusagia. Joto lake linaiharibu feleji, na jino lililolainishwa na joto halitashika makali tena. Jiwe la kusugulia na mafuta ya taa vinatosha, na mikono.

Kunoa: kigezo ambacho wengi hukifikia wakiwa wameshanunua

Kunoa msumeno wenye meno ya kukwangua kuna hatua nne, na mpangilio wake hauvurugwi. Kwanza ncha zote za meno ya kukata zinasawazishwa kwa tupa iliyoshikwa ndani ya kifaa chake, ili zote ziwe kwenye upinde mmoja. Pili, meno ya kukwangua yanashushwa kwa kipimo hadi urefu wake. Tatu, kila jino la kukata linapigwa tupa mpaka ile alama inayong'aa ya kusawazishwa imalizike, na si zaidi ya hapo. Nne, meno yanapindwa kwa nyundo ndogo juu ya kifuawe, kisha yanapimwa moja moja kwa kipimo chenye miguu, mmoja ukiwa mfupi kidogo kuliko mingine.

Ni kazi ya subira, na mtu hujifunza kwa kukaa karibu na anayeijua. Ikifanywa vizuri, makali hudumu muda mrefu, ikiwa msumeno haugusi mawe wala udongo. Kwa hiyo jiulize kwa moyo mweupe: nina mtu huyo, au niko tayari kuwa mtu huyo? Jibu likiwa hapana, meno sare yaliyonolewa yatakukatia gogo lako mapema kuliko meno ya mkuki yaliyo butu. Hili nalisema bila kusita, ingawa napenda sana yale ya mkuki.

Yanayohusu misumeno yote mitatu

Mkiwa wawili, mnavuta tu. Ukimaliza mvuto wako, legeza mkono na umwache mwenzako auchukue. Anayesukuma anaukunja msumeno na kumwongezea mwenzake uzito. Utomvu ukianza kushika bapa, nyunyiza mafuta ya taa kidogo pande zote mbili. Njiani, meno yafunikwe. Kipande cha mpira wa zimamoto uliochakaa, kikipasuliwa kwa urefu, kinatosha na kinadumu. Ondoa mpini wa nyuma kabla ya kubeba, na utembee wa mwisho. Nyumbani, utundike ukiwa umenyooka, umepakwa mafuta.

Na kwa wanaoangusha miti: njia ya kukimbilia inasafishwa kabla ya mvuto wa kwanza, na wote wawili waijue. Hakuna aina ya msumeno inayofidia hilo.

Kwa hali yako

*Mnaangusha miti iliyosimama, wawili mliozoeana.* Chukueni wa kuangushia, wenye mipini inayofunguka haraka, meno kulingana na msitu wenu: mkuki kwa miti laini mibichi, Champion kwa migumu.

*Mnasafisha njia, miti imeshaanguka, na mnatembea mbali.* Hapa ndipo uamuzi ni mgumu kweli. Magogo yakiwa makubwa na yanayoning'inia, bebeni ule wa magogo na mvumilie uzito, kwa sababu mtahitaji kukata kutoka chini. Yakiwa ya wastani na mengi yamelala chini, wa kuangushia utawapunguzia mzigo na kuwaruhusu kabari mapema. Mkiweza kubeba miwili, wa pili uwe wa mtu mmoja.

*Uko peke yako siku nyingi.* Magogo ya chini ya sentimita 50 yanataka msumeno wa mtu mmoja. Zaidi ya hapo, tafuta wa magogo wa mita 1.5 au zaidi kidogo, uutumie kwa mpini mmoja na kufunga wa pili mwenzako akija.

*Unakata mti mkavu, mgumu, wa kuni.* Meno sare au Champion, juu ya bapa kakamavu, na mpindo mdogo. Usivutiwe na mkuki.

*Hakuna wa kukunolea.* Nunua meno sare, tupa mbili nzuri, na gogo la kujifunzia. Ukishaweza kusawazisha na kunoa hayo, utakuwa na msingi wa kujifunza meno ya kukwangua.

*Una msumeno uliorithi na hujui ni upi.* Upime urefu, tazama mgongo kama umebonyea au umenyooka, kisha pima unene kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, sehemu tatu: mara chini ya meno, katikati na mgongoni. Ukikuta unapungua kuelekea juu na mabonde hayana nyufa, mpelekee fundi wa kunoa kabla hujaukatia chochote, na umweleze ni miti gani utakayokata, ili urefu wa meno ya kukwangua na mpindo auweke kwa ajili ya miti hiyo.